Feleji ya Kahama

Katika uwanja mmoja wa chuma chakavu ulioko kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Kakola, ambako mabaki ya migodi hushushwa kutoka kwenye malori na kurundikwa pasipo nasaba wala cheti, mizani ni moja tu, na mizani hiyo haitambui tofauti iliyopo baina ya bamba la kawaida la kutengenezea geti na bamba lililobanduliwa tumboni mwa lori la kubebea mawe. Kwani mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 20 huwa na uzito wa kilo 157, kiwe cha aina hii au cha aina ile, na kwa hiyo muuzaji hutoza kwa kilo, mnunuzi hulipa kwa kilo, na ile sifa ambayo kiwanda kiligharimia kwa moto na kwa maji hupita mkono hadi mkono bure, wala hapana mmoja wao aijuaye kuwa ipo.

Wazee wa pwani walikuwa na lugha pana zaidi katika jambo hili kuliko sisi. Kwao chuma kilikuwa chuma, lakini sehemu ile ngumu iwezayo kushika makali waliiita pua, na juu ya pua wakaweka feleji, chuma bora kabisa, kile cha panga zilizorithiwa na kusifiwa. Siku hizi jina la chuma cha pua limehamia kwenye sufuria na masinki yasiyoshika kutu, na feleji imebaki kamusini. Nitaliazima jina hilo kwa ajili ya bamba ninalotaka kulizungumzia, kwa sababu ndilo linalolistahili, na kwa sababu ardhi hii ya Geita na jirani zake haikuwa ngeni kwa maarifa ya moto: Warongo waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo na kufua majembe kabla ya mgodi wowote wa kampuni kufunguliwa hapa, na upande wa pili, Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 jinsi wahunzi wa kale walivyopata chuma chenye kaboni kwa kupasha moto hewa kabla haijaingia tanurini.

Jambo la kwanza ambalo fundi hana budi kulifahamu ni kwamba feleji hii si kitu bali ni hali. Ukichukua kipande chake ukakipeleka kwa mkemia, hatakuta ajabu kubwa: kaboni aghalabu haizidi asilimia 0.2, manganizi kiasi, kromi, molibdeni na pengine nikeli kidogo, pamoja na boroni ambayo ni chembe za kuhesabika katika kila laki moja, lakini bila chembe hizo chache bamba nene lisingeweza kukazana hadi moyoni mwake. Utajiri wake haumo katika viungo, umo katika mapishi. Bamba hupashwa hadi kufikia nyuzi 900 hivi za sentigredi, kisha huzimwa ghafla kwa maji yanayomiminwa kwa nguvu juu na chini, hata fuwele zake zisipate nafasi ya kujipanga kwa utaratibu wao wa kawaida, bali zikamatwe katika umbo lenye mvutano liitwalo martensaiti, ambalo ni gumu mno na, likiachwa hivyo hivyo, ni jepesi kupasuka. Ndipo bamba hurudishwa motoni mara ya pili, safari hii kwa joto la chini zaidi, ili ukali ule upungue na uvumilivu upatikane. Kuzimwa, kisha kurudishwa motoni: hayo mawili ndiyo asili ya nguvu yake, na kwa kuwa nguvu hiyo ilitolewa na moto, moto mwingine waweza kuiondoa.

Hapo ndipo penye khitilafu ambayo wengi huipuuza, ya kudhani kuwa mabamba yote ya namna hii ni mamoja. Yako yale ya kujengea, ambayo mfano wake wa zamani ni T-1 ya kampuni ya United States Steel, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuingia katika vipimo vya Marekani kwa jina la A514, na ambayo wenzake wa leo ni S690 ya Ulaya, Strenx ya Sweden na Bisplate 80 ya Australia. Haya hayaanzi kunyooka moja kwa moja mpaka mzigo ufikie nyutoni 690 kwa kila milimita ya mraba, ilhali chuma cha kawaida hukubali kunyooka kikifika 250 tu, na kwa sababu yamerudishwa motoni kwa joto kubwa, mara nyingi karibu na nyuzi 600, huweza kustahimili joto la fundi kwa kadiri. Na yako yale ya kuzuia ulaji, kama Hardox 400, 450 na 500, ambayo namba zake ni za ugumu kwa kipimo alichokitoa Msweden Brinell mwaka 1900, cha kukandamiza gololi juu ya chuma na kupima shimo lililobaki. Hayo yalirudishwa motoni kwa joto dogo sana, au hayakurudishwa kabisa, na kwa hiyo ukiyapasha kupita nyuzi 250 hivi unaanza kuyavua sifa ileile uliyoyanunulia.

Matumizi yake katika ukanda huu yanaonekana kwa kila mwenye macho. Tangu almasi ya Mwadui ilipogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na hasa tangu mgodi wa Geita ulipoanza upya mwaka 2000 na Bulyanhulu kufuata mwaka 2001, mawe ya Shinyanga na Geita yamekuwa yakihamishwa kwa mamilioni ya tani, na kila tani huteleza juu ya bamba fulani: tumbo la lori, ndoo ya kijiko, mlizamu wa kuangushia mawe, kuta za kinu. Dhahabu ya huku aghalabu hubebwa na mishipa ya kwazi, na kwazi ni adui asiyeshindwa. Ugumu wake ni takriban mara mbili ya ule wa bamba la 500, kwa hiyo anayemwambia mwenye mtambo kuwa bamba hili haliliki anamdanganya. Litalika. Suala ni kwamba litalika polepole zaidi, na tofauti ya wiki sita na miezi sita, kwa mtu anayelipa kodi ya kijiko kwa saa, ndiyo tofauti ya faida na madeni.

Bora nitaje na yale ambayo feleji haiwezi, maana wauzaji hawayataji. Haiwi ngumu kupinda kuliko chuma cha kawaida. Vyuma vyote, dhaifu na vyenye nguvu, hujikunja sawasawa chini ya mzigo uleule madamu havijavuka mpaka wake, na kwa hiyo yule aliyeniletea mchoro wa trela la kubebea pamba, ambamo bamba la milimita 20 lilikuwa limebadilishwa kuwa milimita 7 kwa hoja kwamba nguvu ya 690 ni karibu mara tatu ya 250, alikuwa amepiga hesabu sahihi ya kuvunjika na kuisahau kabisa hesabu ya kupinda. Kwani ukakamavu wa bamba huenda kwa kipeo cha tatu cha unene wake, na bamba lake lingelegalega mara 20 na zaidi kuliko lile la awali. Wala haiongezi maisha ya weldi dhidi ya uchovu. Trela linalotikiswa kwenye mashimo ya barabara za vumbi mara laki kadhaa huanzia ufa pale ukingoni mwa weldi, na ukingo huo haujali kama bamba la jirani ni la 250 au la 690. Aliyepunguza unene akaongeza mtikisiko amejiletea ufa mapema, kwa bei kubwa zaidi.

Sasa niingie kwenye moto wenyewe, na niseme nililoliona. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimeanza kuitia ardhi harufu, nilipoitwa kwenye karakana moja mjini Kahama kutazama ndoo ya kijiko iliyokuwa imepasuka mdomo. Mdomo ule ulikuwa wa bamba la milimita 40, nao umekwisha kutengenezwa mara moja, siku ya Jumamosi, na fundi kijana ambaye mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa wengi niliowahi kuwasimamia: mshono umelala sawa, hauna tundu wala taka. Usiku wa Jumapili mlinzi aliyelala hapo alisikia mlio mmoja mkavu, kama wa nyundo juu ya reli, akatoka na tochi akitafuta mwizi. Asubuhi wakakuta ufa wa urefu wa mkono, nao haukupita ndani ya weldi, bali pembeni yake, milimita mbili tatu ndani ya bamba, ukiufuata mshono kama kivuli.

"Shikamoo mzee," fundi yule aliniambia. "Bamba hili ni bovu. Nimetumia 7018, siyo zile za geti."

"Marahaba mwanangu. Zilikuwa zimewekwa wapi?"

"Kwenye boksi lake. Hazikulowa."

Hazikulowa kwa macho. Lakini dawa inayofunika rodi ya 7018 huvuta unyevu wa hewa kama chumvi ya mawe, na boksi lile lilikuwa wazi tangu Agosti. Maji hayo, yakiingia katika joto la tao la umeme, huvunjika, na hidrojeni yake, ambayo ni ndogo mno, huyeyuka ndani ya chuma cha moto. Chuma kikipoa, hidrojeni hiyo huanza kutembea humo ikitafuta pa kukaa, na pahala ipapendapo ni kwenye ule ukanda mwembamba kando ya weldi ambao umepashwa na kuzimwa upya kwa ubaridi wa bamba lenyewe, ukawa martensaiti mbichi, mgumu na wenye mvutano. Hidrojeni, ugumu, na mvutano: zikikutana tatu hizo, ufa huja, na huja kwa kuchelewa, saa chache au siku mbili baadaye, wakati fundi amekwisha kulipwa. Rodi iliyokaushwa barabara huacha chini ya mililita 5 za hidrojeni katika kila gramu 100 za weldi. Zile za 6013, ambazo ndizo zimejaa madukani na ndizo za geti alizozikusudia kijana, aghalabu huacha 20 hadi 30 hata zikiwa kavu, kwa kuwa ndivyo zilivyoumbwa. Kwa geti hapana neno. Kwa feleji ni sumu.

Wala tusidhani kuwa ajali ya namna hii ni ya karakana za mabati. Mei 2021, juu ya mto Mississippi huko Memphis, wakaguzi walikuta mhimili wa daraja la barabara kuu ya I-40 umepasuka, daraja likafungwa hadi mwisho wa Julai. Mhimili ule ulikuwa wa T-1, daraja lilifunguliwa mwaka 1973, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ufa ulianzia kwenye hidrojeni ya weldi iliyofanywa karakanani kabla ya daraja kusimamishwa, ukakaa humo karibu miaka 50 ukikua kidogo kidogo. Miaka kumi nyuma, Septemba 2011, daraja la Sherman Minton kule Louisville lilifungwa kwa sababu ya nyufa katika chuma cha aina hiyohiyo. Wamarekani walikuwa na vyeti, mikanda ya eksirei na wakaguzi. Kijana wa Kahama alikuwa na tochi ya mlinzi.

Tulianza upya. Ufa ulichimbuliwa wote kwa grenda hadi chuma safi, kisha rodi zikaokwa. Tanuri la mkate halitoshi, maana 7018 iliyokwisha kunywa maji hutaka nyuzi 350 kwa muda wa saa moja au mbili, kwa hiyo tuliunda tanuri letu kwa pipa dogo, koili za jiko la umeme na kipimajoto, na rodi zikitoka humo ziliwekwa kwenye sanduku lenye taa inayowaka, zikitolewa tano tano tu. Mdomo ukapashwa kwa chini na miali miwili ya gesi, taratibu, pande zote, mpaka chaki ya joto ya nyuzi 150 ikayeyuka umbali wa vidole vinne kutoka kwenye mshono. Chaki ya pili, ya 225, kazi yake ilikuwa kutoyeyuka, kwani bamba la aina hii lina sakafu na dari, na fundi hufanya kazi chumbani kati ya hizo mbili. Kijana alishangaa kuona chuma kikipashwa ili kisiharibiwe na moto. Nilimweleza kuwa bamba la milimita 40 lililo baridi hunyonya joto la weldi kwa pupa, na ukanda wa pembeni huzimwa kana kwamba umetumbukizwa majini, ila likiwa limepashwa hupoa kwa adabu, na hidrojeni hupata wasaa wa kutoka.

Kisha likaja suala la mwendo wa mkono, ambalo ndilo lililokuwa gumu kwake, kwa sababu mafundi wetu hupenda kusuka weldi pana, ya kujionea fahari. Kwa volti 25 na ampea 160, mkono unaokwenda milimita 160 kwa dakika hutia kilojuli moja na nusu katika kila milimita ya mshono. Mkono uleule ukisuka upana na kwenda milimita 60 kwa dakika hutia kilojuli nne, na kwa kiasi hicho ukanda wa pembeni hukaa motoni muda mrefu mno, ukalegea na kuwa dhaifu. Wataalamu hupima jambo hili kwa sekunde zinazopita chuma kikishuka kutoka nyuzi 800 hadi 500: kwa bamba la 690, pungufu ya sekunde 5 ni ukavu, zaidi ya 20 ni ulegevu. Mafundi hawana saa ya namna hiyo, lakini wana macho: mishono myembamba, iliyonyooka, iliyopandana mmoja juu ya mwingine, haikosi sana.

Aliniuliza pia kwa nini hatukutafuta rodi yenye nguvu sawa na bamba. Ziko, nazo huitwa 11018, na kwa mkono wa kreni ambao mshono wake ndio unaobeba mzigo wote hapana budi kuzitumia; lakini kwa mdomo wa ndoo na kwa kutia viraka, weldi iliyo laini kuliko bamba ni rehema, kwa kuwa hukubali kunyooka kidogo na kupokea mvutano ambao vinginevyo ungemwangukia jirani yake mgumu. Tamaa ya kutaka kila kitu kiwe na nguvu ya juu ndiyo iliyovunja ndoo nyingi katika mikoa hii.

Nisisahau ndugu wa kambo, ambaye amewaponza mafundi wazuri. Katika marundo ya chakavu, pamoja na feleji, huwamo chuma cha manganizi alichokitoa Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, kinachotumika kwenye taya za mitambo ya kuvunjia mawe. Nacho ni kigumu kwa sura, kizito vilevile, kimepakwa vumbi lilelile, lakini sheria zake ni kinyume kabisa, maana hicho hutaka kibakie baridi, na ukikipasha kama ulivyoipasha feleji hukauka na kuvunjika kama kigae. Kipimo chake ni cha kitoto: sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu hukamata feleji kwa nguvu, na juu ya manganizi huteleza ikaanguka. Fundi wa huku asiye na sumaku mfukoni anabahatisha.

Wenye makarasha, ile mitambo ya kusagia mawe, wa Nyarugusu na Rwamgasa nao wana taksiri yao. Hununua mabamba haya kwa ajili ya kuta za ndani za karasha, wakayakata kwa gesi vipande vyembamba vya vidole vitatu, na wakashangaa yakilika sawa na chuma cha kawaida. Kipande chembamba kikikatwa kwa gesi pande zote mbili hupata joto lote, hakina pa kulipeleka, na kinatoka hapo kimekwisha kurudi kuwa chuma tu. Afadhali kukata kwa diski ya grenda, ijapokuwa ni kazi ya jasho, au kukata kwa gesi kipande kikiwa kimelazwa majini, ukingo tu ukiwa juu. Ama yule anayekipeleka kwa mhunzi kikafuliwe kikiwa chekundu, basi huyo amenunua manyoya akatupa kuku.

Ndoo yetu ilifunikwa kwa blanketi la nyuzi za kioo ipoe usiku kucha, na tukaiacha saa 48 zote, mwenyewe akipiga simu asubuhi na jioni, kwa sababu kijiko kilichosimama Nyarugusu kilikuwa kikilipiwa. Siku ya tatu tulipaka dawa nyekundu ya kupenya, tukafuta, tukapuliza poda nyeupe, na hapakutokea mstari. Kijana aliutazama weupe ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Palikuwa na kipande kilichobaki, ukubwa wa sinia, na nilipokipima kwa kipimo changu cha mkononi kilisoma 447. Alichukua brashi akaandika juu yake kwa rangi nyeupe, 450, na chini yake, mwisho nyuzi 225, akakisimamisha peke yake ukutani. Siku ileile alikuja mteja akitafuta bamba zito la kuwekea chini ya jiko lake la mkaa, akakiona, akauliza bei ya kilo, akaambiwa hicho hakiuzwi.